Kodi Hutufuata, Nafuu Tunaifuata

Nilipokuwa mtoto Muheza, mwaka wetu ulikuwa na masika, vuli na msako wa kodi. Msako haukuwa na tarehe. Ulijulikana kwa njia kukosa wanaume: asubuhi unawaona akina mama peke yao wakishuka na matenga ya machungwa kuelekea mjini, na vijana waliozoea kusukuma baiskeli hawaonekani. Mgambo walikuwa wameshaweka kizuizi njia panda, wanadai stakabadhi ya kodi ya maendeleo. Asiye nayo alikalishwa chini hadi ndugu yake alete pesa. Baba yangu mdogo alizijua kona zote za mashamba ya iliki kwenye miteremko ya kwenda Amani. Alishinda huko, akarudi usiku nguo zikinuka majani mabichi.

Sizikumbuki siku hizo kwa kuzitamani. Zilikuwa na fedheha, na wapo wazee waliovunjiwa heshima mbele ya wajukuu wao. Kinachoniuma ninapozikumbuka ni kitu kingine. Kodi ile tuliijua sote. Tulijua kiasi chake, tulimjua anayeikusanya, tulijua nani kasamehewa na kwa nini. Ilipofutwa, hata mtoto alijua imefutwa. Leo kodi zinazomgusa mwenye shamba wa Muheza ni za kimya, na nafuu zake ni za kimya zaidi. Mtu anaweza kuzeeka, akafa na akarithiwa bila kujua kwamba sheria ilimwekea nafuu, wala siku nafuu hiyo ilipomponyoka.

Babu alikuwa akiihesabu historia ya wilaya yetu kwa kodi. Baba yake ndiye aliyemsimulia kodi ya nyumba ya Wajerumani, iliyoanza kutozwa mwaka 1898, miaka miwili tu baada ya reli ya kutoka Tanga kufika Muheza. Kila nyumba ilidaiwa rupia, na rupia haikuwa zao la shambani. Ilipatikana kwa kibarua, na kibarua kilikuwa kwa Mzungu. Dakta Richard Hindorf alikuwa ameagiza miche ya mkonge mwaka 1893. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na kizazi chake ndicho kilichofunika nyanda zetu kutoka Pangani hadi Korogwe. Huko milimani, Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, watawala waliona kodi peke yake haileti watu wa kutosha. Mwaka 1907 wakaleta kadi ya kazi: siku 30 kwa mwajiri wa Kizungu katika kila miezi minne, ama ukafanye kazi za serikali.

“Mjukuu wangu,” Babu aliniambia, “kodi ile haikuwa ikitafuta rupia. Ilikuwa ikitafuta mikono yetu.”

Waingereza walipoingia waliendelea nayo, wakaandika sheria yao ya kodi ya nyumba na kichwa mwaka 1922. Mikono ya wenyeji haikutosha, wakaletwa manamba kutoka Kigoma, Songea na Ruanda-Urundi. Kufikia mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha mkonge wa tani zipatazo 230,000, na hakuna nchi nyingine duniani iliyoufikia mkonge wetu kwa wingi. Sisi tuliozaliwa kando yake tuliuona utajiri huo kutoka upande wa pili wa mpaka. Vijiji vyetu vilibanwa: mbele mistari ya mkonge isiyokatika, nyuma msitu wa Usambara Mashariki uliohifadhiwa. Katikati hapo ndipo Babu alipofyeka, akang'oa visiki, akapanda minazi, kisha michungwa, na juu kidogo mdalasini na pilipili manga.

Mashamba makubwa yalikuwa na karatasi. Tangu enzi za Wajerumani yalikuwa na hati za umiliki wa kudumu. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1963 ikazigeuza hati hizo kuwa za upangaji wa serikali wa miaka 99, na mwaka 1969 upangaji huo ukageuzwa kuwa haki ya kukalia ardhi. Maana yake ilikuwa kubwa: ardhi yote ni ya umma, na mwenye hati hulipa kodi ya pango kila mwaka. Sisi hatukuwa na hati, kwa hiyo hatukudaiwa pango. Babu aliliona hilo kuwa ushindi. Wazungu, baadaye mashirika ya umma, wanalipia ardhi. Yeye anailima ya kwake bila kumlipa yeyote.

Ulikuwa ushindi kweli, ila ulikuwa na kasoro moja ambayo haikuonekana wakati ule. Tulisamehewa kwa sababu hatukuandikwa. Siku serikali ilipoanza kuwapa nafuu walioandikwa, tulikuta hatumo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na shamba letu lilikuwa mali bila daftari kwa vizazi vitatu.

Katikati ya safari hiyo tulipata pumzi mara mbili. Ya kwanza ilikuwa mwaka 1969, serikali ya Mwalimu Nyerere ilipoziondoa kodi ya kichwa na ushuru wa mazao uliokusanywa na halmashauri. Baba alikuwa kijana wakati huo, na mara nyingi alisema kwamba ndiyo miaka aliyoweza kununua miche mizuri ya michungwa kwa jasho lake bila kumwogopa mtu njiani. Halmashauri za vijijini zilivunjwa mwaka 1972. Zilipofufuliwa mwaka 1984 zilihitaji fedha, na kodi ya kichwa ikarudi kwa jina la kodi ya maendeleo. Hiyo ndiyo kodi ya utoto wangu.

Pumzi ya pili ilikuwa bajeti ya Juni 2003, iliyosomwa na Waziri wa Fedha Basil Mramba. Kodi ya maendeleo ilifutwa, pamoja na ushuru na tozo nyingi ndogo zilizokuwa kero, na ushuru wa mazao ukawekewa kikomo cha asilimia 5. Mtendaji alikuja na tangazo, mkutano ukaitishwa chini ya mwembe, likasomwa neno kwa neno. Hapo hapo, katika miaka iliyotangulia, ndipo yalipokuwa yakisomwa majina ya wadaiwa, mmoja baada ya mwingine, wake zao wakiinamisha vichwa. Siku hiyo hayakusomwa majina. Wazee walisimama wakashukuru. Baba alirudi nyumbani akamwambia Mama kwamba sasa shamba litamlisha yeye na wanawe tu.

Mwaka uliofuata, Bunge lilitunga Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004. Humo ndani mlikuwa na nafuu iliyotuhusu kuliko tulivyoweza kudhani. Sheria inataka anayeuza ardhi kwa faida alipe kodi kwenye faida hiyo, kwa mkazi asilimia 10. Lakini ikamtoa mkulima mdogo. Mtu binafsi anayeuza ardhi yenye thamani ya chini ya shilingi milioni 10, iliyotumika kwa kilimo angalau miaka miwili kati ya mitatu kabla ya mauzo, hadaiwi kodi hiyo. Ni kifungu cha huruma. Aliyekiandika alimfikiria mtu kama Baba, mwenye ekari chache za michungwa, anayelazimika kumega kipande ili amsomeshe mtoto au amtibu mgonjwa.

Kifungu hicho hakikusomwa chini ya mwembe. Hakuna mtendaji aliyetumwa nacho, na redio haikukitaja kwa lugha ya kuwafikia watu wa shamba. Kilikaa kitabuni.

Mwaka 2004 dola moja ilikuwa kama shilingi 1,100. Milioni 10 zilikuwa kama dola 9,000, na kwa bei za kwetu wakati huo ungepata shamba la maana, lenye michungwa inayozaa na kibanda cha kupumzikia. Miaka 20 baadaye dola ilifika shilingi 2,500 na zaidi, kwa hiyo milioni 10 zile zile hazifiki hata nusu ya thamani yake ya zamani. Ardhi nayo imepanda. Mkonge umerudi kuwa zao la kimkakati tangu serikali iamue kuufufua, Kibaranga na kwingineko watu wanagawiwa maeneo ya kupanda. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, Tanga, na madalali wanalitaja hilo kwa kila ekari wanayoiuza kati ya Muheza na bahari. Ukiwa karibu na barabara ya lami, milioni 10 leo ni bei ya kipande, si ya shamba.

Hakuna waziri aliyesimama Bungeni akasema nafuu ya mkulima mdogo inapunguzwa. Haikuhitaji kupunguzwa. Tarakimu ilibaki palepale, thamani ikaondoka, na kwa kuwa wengi hatukujua kwamba ipo, hatukujua pia kwamba inakwenda.

Sisi tuliijua mwaka 2021. Baba alikuwa ameugua muda mrefu kabla ya kufariki. Michungwa yake ilikuwa imezeeka, nzi wa matunda wameiandama, na mwenye kuipogolea yuko kitandani. Shamba liliingia vichaka. Alipofariki, kikao cha ukoo kikakaa, muhtasari ukaandikwa, tukaenda Mahakama ya Mwanzo kuomba msimamizi wa mirathi. Hapo pakazuka maneno. Shangazi alidai sehemu ya ardhi ya baba yake, yaani ya Babu, ambayo haikuwahi kugawanywa. Alikuwa na haki. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na mila inayomnyima hiyo haina nguvu. Lakini ndani ya ukoo, haki yake ilichukua muda mrefu kukubaliwa, na wakati wote huo hakuna aliyethubutu kuingiza jembe shambani, asije akaonekana anajimilikisha.

Tulipokubaliana, ilibidi tuuze kipande cha kando ya barabara tulipe madeni ya matibabu na kumpa Shangazi chake. Mnunuzi alitaka kupata hati, na hati ilidai uthibitisho wa kodi. Afisa wa kodi tuliyemkuta alikuwa kijana mpole, akatusomea kifungu chote bila haraka. Ndipo tulipojua, kwa mara ya kwanza, kwamba sheria ilikuwa imetufikiria. Na ndipo tulipojua kwamba hatumo. Bei ilivuka milioni 10. Tena shamba halikulimwa miaka miwili kati ya ile mitatu kama sheria ilivyotaka, kwa sababu miaka hiyo ilikuwa ya ugonjwa, kisha ya msiba, kisha ya kesi.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi tangu siku ile. Masharti yale yaliwekwa kumlinda mkulima halisi asichanganywe na mlanguzi anayenunua ardhi na kuiacha ipande bei. Nia ni njema. Lakini maisha ya shamba la ukoo yana kipindi ambacho lazima lisimame: mwenye shamba anapougua na warithi wanapotafutana. Hicho ndicho kipindi ambacho kipande huuzwa. Kwa hiyo nafuu inapotea hasa siku inapohitajika.

Kisha likaja swali la faida. Kodi hutozwa kwenye faida, na faida ni bei ukiondoa gharama. Afisa akauliza: gharama zenu ziko wapi? Tulikuwa na michungwa, kisima, na mfereji Babu alioukokota kutoka kijitoni. Karatasi hatukuwa nazo. Babu aling'oa visiki, na msitu haukumpa risiti.

Mwaka 2023 sheria ilirekebishwa. Muuzaji wa ardhi au jengo asiye na kumbukumbu za gharama sasa hulipa asilimia 3 ya bei ya kuuzia au ya thamani iliyoidhinishwa, inayozidi kati ya hizo mbili. Kwa familia nyingi za kwetu ni hatua nzuri, na nawashukuru walioipigania. Imekubali ukweli kwamba mashamba ya nchi hii yametengenezwa na watu wasiotunza risiti. Lakini hata hiyo, ukiuliza vijijini, utakuta wanaoijua ni madalali na wanasheria. Mwenye shamba huijua siku anauza, na aghalabu huambiwa na mnunuzi.

Huku kwetu hakuna kodi ya urithi. Anayerithi shamba Tanzania hadaiwi kodi kwa sababu tu mzazi amefariki. Waingereza wanayo, na kwa muda mrefu, tangu mwaka 1992, mashamba na biashara za familia ziliweza kurithiwa bila kuilipa hata kidogo. Tarehe 30 Oktoba 2024 Waziri wa Fedha wa Uingereza, Rachel Reeves, alitangaza kwamba kuanzia Aprili 2026 nafuu hiyo kamili itaishia kwenye pauni milioni 1, na kinachozidi kitapata nusu tu. Wiki tatu hazikufika, wakulima walijaa barabara za London, na matrekta yakaendelea kurudi mjini miezi iliyofuata. Desemba 2025 serikali yao ikapandisha kikomo hadi pauni milioni 2.5.

Mashamba yao na yetu hayalingani, na wapo huko wanaosema kwamba nafuu ile iliwanufaisha matajiri walionunua ardhi ili wakwepe kodi. Lakini linganisha jambo moja. Mkulima wa huko aliijua nafuu yake kwa jina na kwa kiasi. Ilipoguswa alijua siku hiyo hiyo, akaingia barabarani. Nafuu ya mkulima wa Muheza imepungua kwa zaidi ya nusu na hakuna aliyenyanyua mkono, kwa sababu huwezi kutetea kitu ambacho hukuambiwa kwamba ni chako.

Shangazi naye ana hadithi yake. Baada ya mirathi alitumia sehemu yake kumalizia nyumba Muheza mjini, chumba cha mbele, sebule na umeme. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500. Ni njia rahisi ya kukusanya, na fedha hizo zina kazi. Lakini sheria imemsamehe mwenye umri wa miaka 60 na zaidi kwa nyumba moja anayoishi, isiyomletea kipato. Shangazi amepita miaka hiyo zamani. Mita haijui umri. Ili asikatwe ni lazima aende ofisini, athibitishe umri wake, athibitishe nyumba ni yake na anaishi humo. Kodi ilimfikia chumbani bila yeye kuamka kitini. Msamaha anapaswa kuufuata kwa nauli.

Ushuru wa mazao una sura hiyo hiyo. Mwaka 2017, katika bajeti ya Waziri Philip Mpango, ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Ikaamuliwa pia kwamba mkulima anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine asitozwe. Hili lilitangazwa sana, na lilimsaidia kweli mama anayepeleka magunia yake Tanga kwa basi. Lakini machungwa yetu hayasafiri hivyo. Mnunuzi huja na fuso kutoka Dar es Salaam au Kenya, hununua matunda yakiwa bado mtini, na huondoka na tani kadhaa. Ushuru kisheria ni wa mnunuzi, ila mnunuzi ameshautoa kwenye bei kabla hajapanda mchungwa wa kwanza kuchuma. Nafuu ya tani moja humpata mwenye kusafirisha. Mwenye shamba husubiri chini ya mti wake, aambiwe bei.

Na yapo mashamba makubwa. Baada ya mkonge kutaifishwa mwaka 1967 na bei ya dunia kuanguka, uzalishaji ulishuka hadi kufikia tani zipatazo 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1990. Mistari ikageuka msitu wa minyonyo. Wanakijiji waliobanwa kwa miaka mingi walivuka mpaka wakapanda mihogo na mahindi. Serikali ya Rais Magufuli ilifuta hati za mashamba kadhaa mkoani Tanga ambayo hayakuendelezwa, na vijiji vikapata matumaini. Mwaka 2022 serikali ya Rais Samia ikatangaza msamaha wa riba kwa wenye malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi, kwa sharti kwamba deni la msingi lilipwe ndani ya muda uliowekwa. Ni msamaha mzuri. Ila ona unamwangukia nani: mwenye hati. Aliyelima ardhi ya ukoo bila hati hana pango la kudaiwa, kwa hiyo hana riba ya kusamehewa. Hana pia hati ya kumpeleka benki.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kodi zifutwe. Nimeshaona dawa katika Hospitali Teule ya Muheza zikinunuliwa, na nimeshaona barabara ya shamba iliyokosa greda msimu mzima wa masika, matunda yakaoza. Fedha za halmashauri zinatoka mahali. Wala sidai mashamba yasiyolimwa yalindwe; wilaya yetu imeshateseka vya kutosha kwa ardhi iliyoshikiliwa na watu wasioilima. Ninachosema ni kwamba katika miaka hii zaidi ya 20 tangu kodi ya maendeleo ifutwe, njia ya kodi imenyooshwa kuelekea kwa mwenye shamba mdogo, na njia ya nafuu haikunyooshwa. Kodi inakatwa kwa mita, kwa mfumo, kwa namba ya malipo. Nafuu inaombwa kwa fomu, kwa ushahidi, kwa safari.

Yanayoweza kurekebishwa yapo, na si makubwa. Kiwango cha milioni 10 kipimwe upya, na badala ya kuandikwa kwa shilingi zinazosinyaa, kiandikwe kwa ukubwa wa shamba na matumizi yake, au kifungwe kwenye mfumuko wa bei ili kipande wenyewe. Miaka ya ugonjwa na ya mirathi isihesabiwe dhidi ya warithi: cheti cha kifo na barua ya mahakama vinatosha kuonyesha kwa nini shamba halikulimwa. Mzee mwenye kitambulisho cha taifa asitakiwe kuthibitisha umri ambao serikali imeshauandika. Mita yake isomeshwe umri huo. Na hati za hakimiliki za kimila, ambazo sheria ya mwaka 1999 iliziruhusu na ambazo vijiji vingi bado havijazimaliza, zitolewe kwa kasi ile ile inayotumika kuunganisha umeme.

Na sisi wenye mashamba tuna letu. Tuandike. Mipaka iliyowekwa kwa mkonge na kwa kumbukumbu za wazee haimtoshi mrithi anayeishi Dar es Salaam. Mchungwa uliopandwa, kisima kilichochimbwa, mfanyakazi aliyelipwa, viwe kwenye daftari la familia. Wazee waeleze wakiwa hai nani anapata nini, mabinti wakiwemo, ili shamba lisikae vichakani likisubiri watu wapatane.

Lakini la kwanza kabisa ni hili. Sheria inautaka mkutano mkuu wa kijiji ukutane kila baada ya miezi mitatu. Katika mikutano hiyo, kwa miaka mingi, yalisomwa majina ya wadaiwa wa kodi kwa sauti, mbele ya wake na watoto wao, na kila mtu alisikia. Sasa zisomwe nafuu. Mtendaji asimame na karatasi aseme: mkulima mwenye shamba la thamani hii hadaiwi kodi akiuza; mzee wa umri huu hakatwi kodi ya nyumba yake; mzigo wa uzito huu hautozwi ushuru; na anayedai haki hizi aje kwangu kesho asubuhi. Ikisomwa hivyo kila robo ya mwaka, kijiji kitazijua nafuu zake kama kilivyozijua kodi zake. Na siku kiwango kitakapoguswa, au kitakapoachwa kisinyae, watu wa Muheza watakuwa na cha kutetea, kwa sababu watakuwa wameshaambiwa kwamba ni chao.